Kibao cha Wito

Kuna watu wakipewa jina la utani hununa mwaka mzima. Bibi Utaratibu alipewa la kwake na watoto wa darasa la kwanza, akalipokea kama mtu anayepandishwa cheo. Alikuwa msaidizi wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya mjini, madarasa pande tatu za uwanja na geti upande wa nne, na hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuulizwa limetoka wapi na linakwenda kwa nani. Chaki zilitoka stoo kwa zamu. Mafagio yalisimamishwa ukutani kwa kufuata urefu. Mwalimu akitaka kutoka nje saa za kazi, hata kama anakwenda kung'oa jino, sharti awe na kikaratasi chenye sahihi ya Bibi Utaratibu, na mlinzi wa getini alikuwa amejiapiza kwamba bila kikaratasi hicho hapiti mtu.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Mumewe, karani wa idara ya maji, alizoea kuwaonya wageni wasivue viatu ovyo mlangoni, vitafunguliwa kesi. Watoto wao walikua wakijua kwamba mashtaka hupanda ngazi: mdogo akipigwa na wa kati, amwambie wa kwanza, na wa kwanza ndiye amwambie mama. Kesi ilipofika juu, machozi ya kitinda mimba yalikuwa yameshakauka na kosa limesahaulika. Mama yao aliona huo ndio uzuri wenyewe wa utaratibu.

Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa kibao cha wito. Zamani shule ikitaka kumwona mzazi ilimpa mtoto barua, na watoto si wajinga. Barua moja iligeuzwa mashua ikaelea mtaroni mbele ya shule, na mkuu mwenyewe akaitambua sahihi yake. Mvulana mmoja wa darasa la sita alimleta muuza magazeti aje kuwa baba yake, na muuza magazeti akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko baba halisi. Alifoka mpaka walimu wakaanza kumwombea mtoto msamaha. Ndipo Bibi Utaratibu akachongesha vibao. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kiganja, kimepakwa rangi nyekundu, kimetobolewa juu na kutiwa kamba. Mtoto alivishwa shingoni kengele ya mwisho ikilia, akarudi nacho nyumbani njia nzima watu wakimwona, na mzazi alitakiwa akirudishe kwa mkono wake mwenyewe na kukitundika kwenye msumari ofisini. Kibao hakikunjiki na hakielei mbali. Shule mbili za jirani zilikuja kuomba kielelezo.

Ikawa basi mzazi anapimwa kwa kibao. Aliyekirudisha upesi alikuwa mzazi mwema, aliyekichelewesha alikuwa na walakini, na aliyekitia jikoni kama kuni, maana alikuwapo mmoja, hakutajwa tena kwa jina lake. Kipimo kilikuwa rahisi na kila mtu alikifurahia. Hapo ndipo shule nzima ilipoteleza, ingawa wakati huo ilionekana inatembea vizuri tu.

Katika kurudisha kibao hakuna aliyemshinda fundi saa. Alikuwa na kibanda chake pembeni mwa posta, mjane mwenye binti mmoja darasa la tatu. Shati lake lilinyooshwa hadi kwenye mikunjo ya mikono, sauti yake ilikuwa ya chini, na akiitwa alifika kabla ya kengele ya asubuhi. Alikitundika kibao kwenye msumari kwa vidole viwili, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea vitu vidogo. Kwenye kikao cha wazazi alisimamishwa akapigiwa makofi kama mfano wa kuigwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini wahenga hawakuwa na kikao cha wazazi cha kuandaa.

Binti yake wenzake walimwita Sweta, kwa sababu alivaa sweta la shule jua likiwa linayeyusha lami. Walimu nao wakamwita Sweta. Jina lilikuwa fupi na lilimkaa, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza limetoka wapi.

Aliyegundua lililokuwa chini ya sweta hakuligundua kwa huruma, tuseme ukweli. Sheria ya sare ilisema sweta ni la miezi ya baridi. Mwalimu wa darasa la tatu, kijana ambaye bado aliitwa Mwalimu Mpya ingawa wapya wengine wawili walishakuja baada yake, alimpeleka Sweta ofisini kwa kosa la sare. Bibi Utaratibu akamwamuru alivue. Mtoto akasema anasikia baridi, na huku jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Bibi Utaratibu hakupenda uongo. Akalivuta sweta mwenyewe.

Mikono ilikuwa na alama za moto kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na bega, nyingine zimeshakuwa makovu, nyingine bado zina maji. Zilikuwa zimepangana. Mtu anayeanguka kwenye jiko haanguki kwa mpango namna ile, na Bibi Utaratibu, aliyekuwa bingwa wa kupanga vitu, aliliona hilo kwa kutazama mara moja. Aliuliza kumetokea nini.

"Nilianguka," alisema mtoto, kabla swali halijaisha.

Bibi Utaratibu alimvalisha tena sweta taratibu, akiikwepesha mikono, akampa maji ya kunywa, akafanya alichokijua: akapeleka jambo juu.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee mpole aliyebakiza muda mfupi astaafu, na sifa yake kubwa ilikuwa mlango. Mlango wake ulikuwa wazi daima. Alikuwa ameuegemeza ukutani na kuuzuia kwa tofali, ili mwalimu, mzazi na hata mwanafunzi ajue kwamba hapa mtu anakaribishwa. Alisikiliza mpaka mwisho na kutikisa kichwa kwa uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa kuigiza. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, maana mtu mbaya watu humwangalia kwa macho mawili.

"Tumwite mzazi," alisema.

Ndivyo walivyofanya siku zote. Mtoto akitukana, aitwe mzazi. Mtoto akivunja kioo, aitwe mzazi. Kengele ya mwisho ilipolia Sweta akavishwa kibao shingoni, na aliyemvisha alikuwa Bibi Utaratibu, ambaye hata aliifupisha kamba kidogo ili kisimgonge tumboni akitembea.

Fundi saa alifika mapema kama kawaida. Alieleza kwamba mtoto asiye na mama hukosa mtu wa kumwangalia jikoni, na kwamba anajitahidi kumlea kwa nidhamu, kwa kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Mkuu alikubaliana na methali hiyo. Ni methali nzuri, na hakuna mwalimu asiyewahi kuitumia. Wakashikana mikono, fundi akatazama saa ya ukutani, akasema inachelewa kidogo, akapanda kwenye kiti akairekebisha bila malipo. Siku iliyofuata Sweta hakuja shule. Ya pili yake hakuja pia. Baba alituma salamu kwamba ana homa, na kwenye mahudhurio ikaandikwa homa.

Aliporudi, mkuu alikuwa ameshapata suluhisho. Alitoa kibali maalumu kwamba mtoto huyo aruhusiwe kuvaa sweta mwaka mzima, ili asiwe anavuliwa mbele ya wenzake na kuaibika. Kibali kilisomwa kwenye kikao cha walimu. Wengi walisema mkuu ana moyo wa mzazi.

Mwalimu Mpya peke yake ndiye aliyeinua mkono. Aliuliza kama haifai kuwaambia watu wa ustawi wa jamii. Watu wakaanza kutafuta kalamu zilizo mikononi mwao. Bibi Utaratibu ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba yeye amemwambia msaidizi, na msaidizi amemwambia mkuu, sasa anataka kuruka ngazi aende wapi? Hakumkaripia. Alimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua stoo ilipo. Kijana akakaa, kwa kuwa alikuwa hajathibitishwa kazini, na ngazi ya kuthibitishwa ilianzia kwa mama yule yule.

Jioni moja mezani mumewe alikuwa na hadithi ya kuchekesha kutoka kazini. Bomba kubwa lilipasuka karibu na soko. Msoma mita akaripoti kwa msimamizi wake. Msimamizi akaripoti kwa mkuu wa kitengo. Mkuu wa kitengo akaripoti kwa meneja, na meneja akatoa shukrani kwa taarifa. Wiki nzima maji yalimwagika, watu wanafulia nguo barabarani, na ofisini kila aliyeulizwa alijibu kwamba ameshalitolea taarifa. "Na walikuwa wanasema kweli, mama watoto," alisema akipangusa machozi ya kicheko. "Bomba lilikuwa na taarifa kuliko bomba lolote nchini."

Watoto walicheka. Bibi Utaratibu aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo haikuwa zamu yake kuviosha, na nyumba nzima ikajua kuna jambo.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Mpya alimleta tena Sweta ofisini. Safari hii hakuleta maneno mengi. Alisema mtoto amelala darasani na kazi ya nyumbani hakuifanya, akaondoka bila kumtazama msaidizi usoni. Kwa kosa hilo sheria ilikuwa moja. Bibi Utaratibu alinyoosha mkono kwenye msumari akatwaa kibao, na kamba ilikuwa bado fupi kama alivyoifupisha.

Mtoto alirudi nyuma hatua moja. Halafu akasogea mbele, akapiga magoti, akageuza viganja vyake juu na kuvinyoosha pamoja, kama wanavyofanya watoto wanaosubiri fimbo.

"Mwalimu, naomba unichape wewe," alisema. "Nichape sana. Usinipe kibao."

Bibi Utaratibu alibaki na kibao mkononi. Alikumbuka homa iliyoandikwa kwenye mahudhurio. Alikumbuka na homa nyingine kabla ya ile, tangu darasa la pili, kila moja ikifuatia asubuhi ambayo baba mtu alikuja kwa adabu zake na kukitundika kibao kwa vidole viwili. Shule ilikuwa imemtuma mtoto huyu, jua kali, njia nzima, amevaa shingoni tangazo la kumpeleka kwa anayemchoma. Na mtoto alikipeleka kila mara, hakukigeuza mashua wala hakumtafuta muuza magazeti, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu. Mama huyo aliona haya. Nasema haya, si huruma. Huruma ilikuja baadaye.

Alimwinua mtoto, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaenda kwa mkuu.

Mkuu alikuwa na shughuli nyingi. Wakaguzi walitarajiwa wiki inayofuata na kuta za choo zilikuwa hazijapigwa chokaa. Alisikiliza hata hivyo. Alisema jambo hili ni zito na ndiyo maana halitaki pupa. Wakaguzi wapite kwanza, kisha litaangaliwa kwa kituo. Akataja jina la shule, lililojengwa kwa miaka mingi na linaloweza kubomoka kwa neno moja. Funika kombe mwanaharamu apite, ndicho alichomaanisha, ila yeye alilisema kwa maneno ya ofisi. Alipoona msaidizi wake bado amesimama, akaongeza kwa wema:

"Wewe usijitese. Umeripoti kwangu. Kazi yako umeimaliza."

Na hapa lazima isemwe kwamba kwa muda mfupi Bibi Utaratibu alijisikia nafuu. Ilikuwa nafuu tamu, ile ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ilimtisha kuliko kitu chochote alichokisikia siku hiyo.

Alitaka kumjibu, na hakutaka walimu wapitao barazani wasikie. Akalisogeza tofali kwa mguu, akaufunga mlango. Tangu apewe cheo hakuwahi kuuona mlango ule umefungwa. Ukutani nyuma yake, mahali ambapo mlango uliegemea miaka yote, palikuwa na bango la serikali, rangi zake bado mbichi kwa kukosa jua. Lilisema kwa herufi kubwa kwamba mtu yeyote anayeshuku mtoto anaumizwa atoe taarifa ustawi wa jamii au polisi, siku hiyo hiyo. Alilisoma mara mbili akitafuta ngazi. Hakukuwa na ngazi. Lilisema mtu yeyote.

"Hili limebandikwa lini?" aliuliza.

Mkuu alilitazama kama mtu anayemtazama jamaa aliyemsahau. Alisema lilitoka juu zamani. "Tuliambiwa tubandike, tukabandika."

Bibi Utaratibu hakugombana naye. Alirudi ofisini kwake, akamshika Sweta mkono, wakakatiza uwanja saa ya somo la pili huku madarasa mawili yakichungulia dirishani. Getini mlinzi akasimama katikati ya njia. Alimpenda sana mama huyu na ndiyo sababu hakumpisha. Alimwomba kikaratasi.

Aliambiwa kwamba anayetia sahihi vikaratasi ni huyo huyo aliyesimama mbele yake. Mlinzi alisema analijua hilo vizuri, basi atie sahihi. Hakukuwa na karatasi. Mwishowe Bibi Utaratibu alitoa kalamu, akaandika sahihi yake kwenye kiganja cha mlinzi, na mlinzi akaisoma, akaridhika, akafungua geti. Mwezi uliofuata, mama huyo alipopewa onyo kali kwa kutoka kazini bila idhini, mlinzi alikwenda kutoa ushahidi kwamba idhini ilikuwapo ila yeye alinawa.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa ghorofani juu ya duka la magodoro. Ngazi zilikuwa ndefu, na Bibi Utaratibu alizipanda bila kuachia mkono wa mtoto. Afisa aliyewapokea alikuwa dada wa makamo mwenye feni mbovu na mafaili mpaka dirishani. Aliwakaribisha, akamtazama mtoto, akalitazama sweta, akaandika kitu kabla hajaambiwa neno. Kisha akauliza la kwanza:

"Mkuu wako anajua?"

"Anajua," alijibu Bibi Utaratibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Akaeleza yote. Alieleza kwa mpangilio, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kueleza, na hakujiondoa mahali alipokuwamo: nani aliifupisha kamba, nani alimnyamazisha Mwalimu Mpya. Sauti ilimkatika mara moja tu, kwenye habari ya viganja. Afisa alimwomba mtoto kwa upole kama wanaweza kuitazama mikono, na mtoto alimtazama kwanza mwalimu wake, kisha akalivua sweta mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka magotini. Alisema mama yake mdogo anakaa ng'ambo ya reli na ana kitanda. Hilo la kitanda alilisema mara mbili, asije mtu akadhani hakuna nafasi.

Afisa alinyanyua simu akaongea na polisi wa dawati la watoto, akawataka waje. Kisha akamtuma mtu ng'ambo ya reli kumwita mama mdogo. Halafu akavuta karatasi, akasema kwa sauti ya kazi, bila kumwelekea mtu:

"Sasa huyu baba itabidi aitwe."

Aliandika. Alipomaliza alipiga muhuri na kuichana karatasi kutoka kwenye kitabu chake.

Sweta aliusikia muhuri. Akaliweka sweta kwenye benchi, akateremka, akavuka chumba mpaka mbele ya meza. Pale akasimama miguu pamoja, akafumba macho na kuinamisha kichwa, shingo nje, kama alivyozoea.

Afisa hakuelewa. Alimuuliza kama anasikia kizunguzungu. Mtoto alizidi kuinama kidogo, ili iwe rahisi kumvisha.

Bibi Utaratibu ndiye pekee aliyeelewa mle ndani, maana mkao ule ni yeye aliyewafundisha watoto wanaovishwa kibao. Alikwenda akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ya saruji, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akavitazama vidole vyake, akaviondoa, akatumia kiganja kizima. Alikuwa analia na hakujificha.

"Leo hubebi kitu, mwanangu," alimwambia. "Wataipeleka wao."

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama mwalimu, akamtazama afisa, akaitazama karatasi iliyokuwa bado mezani.

"Nani ataniuliza kama imefika?" alisema.

"Utaniuliza wewe," alisema Bibi Utaratibu. "Na mimi nitakujibu."

Wakarudi kwenye benchi kungoja. Feni ilizunguka nusu ikakwama. Mtoto hakulivaa tena sweta. Alikaa nalo magotini, mikono wazi, mpaka mama mdogo alipopanda ngazi akihema.